Karantini ya hoteli Uingereza, siku 10 kwa pauni 1,750: nilivyoiona mimi niliyetoka Agosti 2021

Nilipotoka hotelini Agosti 2021 simu haikutulia. Kila Mtanzania ninaemfahamu hapa Reading, Uingereza, na Wakenya kibao, swali lilikuwa moja tu: eti tuende nyumbani au tusubiri mpaka Waingereza watutoe kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi walizoziona za hatari zaidi kwa korona? Nilichoka kurekodi voisi za dakika sita sita kwaiyo nikaandika mara moja, anaetaka asome, na anaetaka jibu la ndio au hapana bila kusoma basi pole, halipo.

Kwa ambao hamkufatilia. Tanzania tulipigwa marufuku ya kuingia Uingereza 22 Januari 2021, sisi na wenzetu wa Kongo ya Kinshasa siku moja. Kuanzia 15 Februari wakaongeza hii biashara ya hoteli, yani hata kama ulikuwa na makazi ya kudumu na nyumba yako ipo nusu saa kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ukitokea nchi nyekundu au ukiwa umepita huko ndani ya siku 10 huendi kwako, unapelekwa hoteli waliyokuchagulia wao. Kenya wakafata 9 Aprili. Bei niliyolipa mimi ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, mkiwa wawili chumba kimoja wa pili aliongeza 650, mtoto wa miaka 5 mpaka 12 ilikuwa 325. Humo ndani kulikuwa na basi la kutoka uwanjani, chumba, milo mitatu, walinzi, na vipimo viwili, siku ya 2 na siku ya 8. Ulikuwa unalipa kabla hujapanda ndege. Ukikwepa faini ilifika pauni 10,000, na ukidanganya kwenye fomu ya abiria kuhusu ulikotoka, sheria iliruhusu mpaka miaka 10 jela.

Na kabla hujauliza: chanjo haikusaidia kitu kwenye nyekundu. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, nlichomwa sindano zote mbili mapema kabisa, nawapima wazee kila siku, najipima mwenyewe mara tatu kwa wiki. Hola. Mwenzangu kazini alieenda Ugiriki kuota jua karudi akaingia kazini kesho yake, maana kuanzia 19 Julai waliochanjwa hapa wakitoka nchi za njano (za hatari ya kati) hawakujifungia tena. Mimi nimetoka Tanga kumwona mama, natoka na mlinzi kwenda kupunga hewa.

Sasa kwanini nlienda.

Mzee alifariki tarehe 8 Machi. Walisema nimonia, mwaka ule Tanzania kila mtu alikuwa anaumwa nimonia au "changamoto ya upumuaji", mtanielewa. Alizikwa siku ileile alasiri, hata ningekuwa na ndege yangu mwenyewe nisingewahi. Nikaangalia mazishi kwenye simu ya shemeji, picha inaganda kila dakika, mara naona mchanga mara naona kiatu cha mtu. Siku tisa baadae Rais Magufuli akafariki na nchi nzima ikaingia msibani, msiba wetu ukamezwa na ule mkubwa, watu waliokuwa wanakuja kumpa mama pole wakawa wanakaa wanaangalia tivii. Mama akabaki ndani na eda yake, miezi minne na siku kumi. Hesabu ikaangukia katikati ya Julai, na Idi ya kuchinja tarehe 20, 21 hivi.

Nikamwambia mama nina njia mbili, nikutumie hela zote hizi ufanye hitma kubwa na paa la nyuma ulimalize, au nije. Pauni 1,750 peke yake ni kama milioni 5.6 za kwetu, paa linaisha na chenji inabaki. Akasema, "Baba, hela zako naziona kila mwezi. Wewe sikuoni." Uamuzi ukaisha palepale, yaliyobaki ni makaratasi.

Ila makaratasi yenyewe sasa! Kwanza nikatafuta njia ya mkato kama kila mtu. Mkato maarufu ulikuwa kukaa siku 10 kwenye nchi isiyo nyekundu ndio urudi, na kama umechanjwa hapa unapita moja kwa moja mpaka kitandani kwako. Kwa mwenye pasipoti ya Uingereza hiyo ilikuwa likizo ya pili, wiki na nusu Ugiriki haikufika bei ya ile hoteli. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania hiyo ilikuwa viza ya Schengen (ya kuingia nchi za Ulaya), miadi ya ubalozi, na barua ya benki. Nikaachana nayo siku ileile. Dubai na Doha nako kulikuwa kwekundu, kwaiyo nikaunganisha Amsterdam kwenda na kurudi.

Kazini wakasema likizo yako ni wiki mbili, siku za hoteli hazina malipo. Haki yao. Hapo ndipo pa kukaa na kalamu, maana watu wote walioniuliza walianza na bei ya tiketi. Tiketi ndio kitu rahisi kuliko vyote humu! Anza na hoteli, weka siku 11 ambazo hulipwi mshahara, weka kipimo cha korona cha PCR cha kwendea (kile cha bure cha NHS, huduma ya afya ya serikali hapa, hakikukubaliwa kwa safari, nlilipa pauni 95), weka cha kurudia, halafu ndio uongeze tiketi. Mimi jumla ilipita elfu tatu na nusu ukihesabu na mshahara niliokosa. Kama ulikuwa unaenda kuangalia kiwanja au kula bata Zanzibar, kiwanja kitakusubiri. Kama ni mzazi, mimi sitakushauri kitu.

Kubuku chumba kulinichukua usiku mzima. Ukurasa ulikuwa unakuuliza siku ya kufika na uwanja, basi, huchagui hoteli, huchagui mtaa, huoni picha. Kama unanunua mbuzi kwenye gunia. Mara ya kwanza kadi ikagoma, mara ya pili ikakata hela na uthibitisho usije, nikapiga simu nikawekewa muziki dakika 50, asubuhi imeili ikaingia. Kulikuwa na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kwa mafungu 12 ila ulikuwa kwa wanaopokea msaada wa serikali wa kipato.

Nyumbani sitaeleza sana, si mada. Nilitua Dar nikachukua basi stendi mpya ya Mbezi, Tanga nikafika jioni na barakoa yangu usoni, watoto wa mtaani wakaanza "daktari! daktari!" Basi lote lilikuwa na wavaaji wanne. Mama nlimkuta kakonda ila macho yaleyale. Siku anatoka eda kavaa gauni la kijani ambalo mzee alimnunulia Mombasa, sijui aliliweka wapi miaka yote hiyo. Kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, mama akawa ananitania kwa hilo kila asubuhi mpaka siku ya kuondoka, siku hiyo hakulisema.

Kipimo cha kurudia nlipima Dar kwenye maabara ya taifa pale Mabibo. Ulikuwa unajisajili mtandaoni, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, unaenda, majibu yanakuja na ile alama ya kuskani. Kwakweli pale sina la kulalamika, walikuwa wepesi kuliko nlivyotegemea. Uingereza walikuwa wanataka kipimo cha ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, kwaiyo anaetoka mkoani ilibidi ajipange awe Dar mapema, asitegemee basi la asubuhi.

Haya, huduma yenyewe sasa.

Nilifika Heathrow Jumapili 25 Julai mchana. Wanakutenga na wenzako tangu kwenye foleni, unaoneshwa kwa kidole kabisa, wewe simama huku. Tulikuwa kama ishirini hivi, Wapakistani, Wahindi, mama mmoja wa Zambia, mimi. Masaa matatu ya kusubiri tujae basi. Maji chupa moja moja. Kuna mtoto alikuwa analia mpaka sauti ikakata. Halafu basi likatembea dakika kumi, nasema dakika kumi, nlikuwa naiona hoteli tangu tukiwa kwenye mzunguko, tukakaa tena nje ya mlango nusu saa kwa sababu wanashusha familia moja moja. Usafiri nawapa nyota moja, na hiyo ni ya dereva aliefungua madirisha.

Hoteli siitaji jina, maana na wewe huichagui, jina halitakusaidia. Ni ya daraja la kati, zulia la zamani, kitanda kizuri tu, bafu safi, intaneti ya kuangalia habari inatosha ila ya kupiga video usiku inakufa. Dirisha halifunguki. Hili ndilo liliniumiza kuliko vyote. Siku 10 hewa ya mashine, unaamka koo kavu kama umelala unakula unga, halafu unaanza kujiuliza hii ni hewa au ni korona. Mandhari: maegesho ya magari na ukuta. Siku ya tano nlikuwa nawajua wafanyakazi wote kwa magari yao.

Chakula. Wanagonga mlango wanakimbia, kama watoto wa mtaani, ukifungua unakuta mfuko wa karatasi chini na mtu hayupo. Menyu unachagua jioni kwa ajili ya kesho. Asubuhi ni ule mkate wa Kifaransa wa umbo la hilali, wa baridi, na juisi ndogo. Mchana sandwichi. Jioni wanakwambia kari, ni maji ya bizari na vipande vya kuku vitatu vya kuhesabika na wali ukiudondosha unadunda. Nilijaza halali kwenye fomu, siku tatu za kwanza ikaja halali, siku ya nne nikafungua boksi nakutana na soseji ya nguruwe imelala juu ya maharage. Nikapiga mapokezi, dada akaomba msamaha sana, kweli alisikitika, akaniletea ndizi mbili. Ijumaa samaki na chipsi walikuwa wazuri, lazima niseme haki. Ila kwa bei ile, kwa hela ile, hata mama lishe wa stendi angeona aibu.

Kilichoniokoa ni birika la umeme. Mama alinifungia majani ya chai, iliki, mchaichai, tangawizi kavu, kashata na achari ya embe, nikamwambia mama mzigo utazidi, akasema wewe beba. Kila jioni ile kari yao naipiga achari inakuwa chakula. Na kuletewa chakula kutoka nje ilikuwa ruhusa: rafiki yangu aliendesha kutoka Reading na hotpoti la pilau, akaliacha mapokezi saa saba mchana, likanifikia saa tisa na robo, lakini lilinifikia. Wengine niliongea nao kwenye hoteli tofauti walisema kwao ilikuwa dakika 20, kwaiyo inategemea.

Kutembea nje ilikuwa kwa zamu na mlinzi, dakika 15, siku nyingine 20 kama mlinzi ana roho nzuri, mnazunguka kwenye kipande cha maegesho kilichofungwa utepe, mita mbili mbili, kama wafungwa wa kwenye picha. Walinzi ndio nyota tano zangu zote. Mmoja wa Ghana alikuwa ananiita "my brother Tanzania" na kila siku ananiuliza mama anaendeleaje. Huko kwenye utepe ndio nikasikia mtu anasema "Jamani hii chai yao mbona haina hata tangawizi," nikageuka kama nimeitwa jina. Dada wa Likoni, Mombasa, na wanawe wawili wa shule. Yeye alienda kumuuguza mamake. Hesabu yake 1,750, jumlisha 325 mara mbili, 2,400. "Kaka, na watoto wenyewe hawali, mimi nalipia mikate ya kutupa." Nikamwachia nusu ya tangawizi kwa mlinzi ampelekee. Kesho yake nikakuta mlangoni mfuko una visheti, mpaka leo sijui alivitoa wapi.

Mama alikuwa anapiga kila siku. Siku ya pili akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anasikiliza: "Sasa baba, umefanya kosa gani mpaka wakufungie?"

"Sina kosa mama, ni kanuni."

"Na wanakulisha?"

"Wananilisha."

"Serikali inalipa?"

"Nalipa mwenyewe."

Alicheka huyo mama mpaka akaanza kukohoa, na kile kikohozi moyo wangu ukaruka, ikabidi aniapie mara mbili kuwa ni moshi wa jikoni. Hiyo nayo iwekeni kwenye hesabu, hakuna bei yake: siku 10 umefungiwa, kila kikohozi cha upande wa pili unakisikiliza kama daktari na huwezi kwenda kokote.

Tarehe 28 nikiwa kitandani nikamwangalia Rais Samia akichomwa chanjo Ikulu Dar, hadharani, ile ya Janssen ya sindano moja. Nikampigia mama hapohapo. Nilikuwa nimebishana nae wiki nzima Tanga kuhusu chanjo, yeye na nyungu yake na malimao yake. Akasema ameona, na ushungi wa mama Samia ameupenda. Kuhusu sindano akasema atafikiria. Kwa mama "ntafikiria" ni hatua kubwa.

Vipimo havikunisumbua, nyota nne. Wanakuletea kiboksi, unajichokonoa mwenyewe, unaweka mlangoni, majibu yangu ya siku ya 2 yalikuja baada ya siku moja na nusu, ya siku ya 8 yakachelewa kidogo, nikaanza kuhaha kuwa sitoki, hasi zote. Elewa hesabu yao: siku ya kufika ilikuwa sifuri. Kwaiyo ukifika Jumapili usijidanganye unatoka Jumatano ya wiki ya pili asubuhi. Unatoka saa 5:59 usiku wa siku ya kumi, na ukitaka unalala mpaka asubuhi. Hakuna anaelala.

Usiku wangu ulikuwa Jumatano 4 Agosti. Kuanzia saa tano korido imejaa masanduku, watu wamevaa viatu, wamekaa kitandani mlango wazi wanaangalia saa. Na usiku uleule habari zikatoka: India, Falme za Kiarabu, Qatar na Bahrain zinaondoka kwenye nyekundu kuanzia Jumapili tarehe 8. Mhindi wa chumba cha jirani, ambae siku 10 hatujasemeshana zaidi ya kuinamishiana vichwa, akatoka na simu mkononi akanionesha, hakusema neno, alikuwa anacheka ile ya mtu aliepigwa. Siku nne tu! Na kwenye habari hiyohiyo, sisi tuliobaki wekundu, hoteli inapanda kutoka 1,750 kwenda 2,285 kuanzia tarehe 12. Mtu mzima wa pili kutoka 650 hadi 1,430. Kwa soseji ileile.

Kwaiyo nyota mbili kwa ujumla, na kwa aliyelipa ile bei mpya, toa moja.

Kwa aliyekuwa anajiandaa kwenda wakati ule, ushauri wangu ulikuwa huu: beba birika lako dogo kama hujui utapangiwa wapi, achari au pilipili yoyote, slipa, waya mrefu wa chaji, sabuni ya kufulia, kamba ya kuanikia. Andika halali kwenye fomu na bado upige simu kuhakikisha. Omba kutembea kila siku, usisubiri kuitwa, maana hawaiti. Mwambie mtu wako wa karibu akuletee chakula kila baada ya siku tatu. Na usirudi kazini kesho yake, mimi nilirudi, nikasimama chumba cha dawa nimesahau hata namba ya kabati.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Desemba ile. Mama alinitajia katikati ya maongezi ya mambo mengine, kama bahati mbaya, halafu akauliza hali ya hewa huku. Nikamwambia mvua. Ukurasa wa kubuku ulikuwa bado upo wazi kwenye simu, namba ya juu 2,285, na sikuufunga.